Sauti Ipo, Picha Hakuna: Jinsi SD Inavyofukuzwa Angani

Leo ni historia tena, lakini ni historia ambayo imefungwa juu ya mapaa yetu.

Kuna swali linazunguka sana hapa kambini tangu watu waanze kuona chaneli zao zinapotea. Mtu ana dishi lake, halijaguswa, halijapigwa na upepo. Dekoda inawaka. Anaweka chaneli ya habari, anamsikia mtangazaji anasoma vizuri kabisa, lakini skrini nyeusi tii. Jirani yake hali ni mbaya zaidi: hata sauti hakuna, imeandikwa tu kwamba hakuna mawimbi. Wa kwanza anaambiwa TV imekufa. Wa pili anaambiwa dishi limeoza, anunue jipya. Mara nyingi wote wawili wamedanganywa, au tuseme wameambiwa na mtu ambaye naye hajui. TV ni nzima na dishi ni zima. Kilichobadilika kiko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na uamuzi wa kukibadilisha ulifanywa na watu ambao hata hawajui kama sisi tupo.

Watu wengi wanafikiri SD, yaani ile picha ya kawaida ya zamani, inazimwa kwa sababu ni mbaya. Mimi nasema hapana. Ingekuwa ubaya tu, ingeachwa iendelee na kila mtu angechagua. Inazimwa kwa sababu inakalia nafasi inayolipiwa kodi. Na kila mara nafasi hiyo ilipotakiwa kuachwa, swali lilikuwa lilelile: kiboksi kipya ananunua nani? Ukifuata swali hilo utaielewa historia yote.

Tuanze na mistari. Picha ya TV ya zamani ilichorwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, haraka mpaka jicho likadanganyika. BBC ya Uingereza ilipoanza matangazo yake kutoka Alexandra Palace, London, mwezi wa 11 mwaka 1936, mfumo ulioshinda ulikuwa wa mistari 405. Wakati ule waliuita picha ya ubora wa juu, na hawakuwa wanatania, maana majaribio ya miaka michache nyuma yalikuwa ya mistari 30 tu. Kwa hiyo ile "HD" wanayotuuzia leo kama jambo jipya, jina lake ni la zamani kuliko babu zetu wengi.

Mwaka 1964 BBC ikafungua chaneli yake ya pili kwa mistari 625. Mtu mwenye TV ya zamani hakuweza kuiona. Sasa angalia walichofanya: hawakuzima ile ya mistari 405. Waliacha mifumo miwili itembee pamoja, minara miwili, gharama mbili, mpaka Januari 1985. Hiyo ni karibu miaka 21. Mzee aliyenunua TV yake kabla ya 1964 angeweza kuitumia mpaka ikafa yenyewe. Aliyebeba mzigo wa mabadiliko alikuwa mrushaji. Nataka ukumbuke hapo, tutaparudia.

Ile mistari 625, ambayo kama 576 ndiyo inabeba picha yenyewe, ndiyo SD ya kwetu na ya Ulaya. Marekani na Japani walikuwa na 525. Kwa hesabu ya leo SD ni nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720 kwenye picha moja. HD kamili ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Mara 5. Ndiyo maana kwenye HD unaona namba mgongoni mwa mchezaji, na kwenye SD unamtambua kwa kukimbia kwake.

Sasa setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya biashara ya mawasiliano, Early Bird, ilirushwa Aprili 1965. Uwezo wake wote ulikuwa simu 240 kwa wakati mmoja, au chaneli 1 ya TV. Yaani ukitaka kupitisha mpira, watu 240 wakate simu. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kitu ambacho hakijabadilika mpaka leo: huko juu hakuna nafasi ya bure. Kila picha inamfukuza mwingine.

Sisi wa Kongo tuna ukurasa wetu hapo. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Pambano lilianza kama saa kumi za alfajiri. Mnajua kwa nini? Sio joto tu. Ni kwa sababu picha ilikuwa inapita kwa setilaiti kwenda Marekani, na kule, New York, ilikuwa saa nne usiku, saa nzuri ya watu kulipa na kukaa kwenye kumbi kuangalia. Watu wa Kinshasa wakakesha ili saa ya mlipaji iwe nzuri. Wazee wetu wanasimulia lile pambano kwa fahari, na ni haki yao. Mimi kila nikilisikia nafikiria ile saa kumi. Mawimbi yalitoka kwetu, lakini saa ilipangwa kwa ajili ya wengine.

Setilaiti za miaka ile na hata za miaka ya 80 zilikuwa za analojia. Ndani ya setilaiti kuna vipande vinaitwa transponda: kinapokea kutoka chini, kinapaza, kinarudisha chini. Kwa analojia, transponda moja ilibeba chaneli moja. Kwa hiyo ukisikia setilaiti ina transponda 16, basi ni chaneli 16, imeisha.

HD yenyewe, kwa kushangaza, ilianza humohumo kwenye analojia. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kuitafiti baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, likafikia mistari 1125, na mwaka 1989 likaanza kurusha kwa setilaiti saa moja kila siku. Iliitwa Hi-Vision. TV zake zilikuwa ghali na kubwa kama kabati. Ilizimwa 2007, dijitali ilikuwa imeshaipita. Ulaya nao walijaribu ya kwao, wakaionyesha kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, na mwaka uliofuata wakaiacha. Pesa nyingi ilipotea hapo. Tupite.

Pa kukaa ni katikati ya miaka ya 90, maana hapo ndipo dekoda zetu zilizaliwa. Kulikuja vitu viwili pamoja. Kimoja ni MPEG-2, njia ya kukamua picha: badala ya kutuma picha nzima kila mara, unatuma kilichobadilika tu. Kingine ni DVB-S, sheria ya jinsi ya kupakia hizo data kwenye mawimbi ya setilaiti, iliyopitishwa Ulaya miaka hiyohiyo na kufuatwa karibu dunia nzima.

Kila mtu aliyewahi kumshikia fundi ngazi anaijua namba 27500. Fundi anaingiza masafa, anaingiza 27500, anaingiza 3/4, anasachi. Wengi wanaikariri kama namba ya bahati. Maana yake ni hii: transponda inatuma ishara 27,500,000 kwa sekunde. Kila ishara inabeba biti 2. Hiyo 3/4 inasema kwamba katika kila biti 4, 3 ni mzigo wenyewe na 1 ni ya kusahihisha makosa njiani, mvua na kelele. Ukitoa na ulinzi mwingine mdogo unabaki na kama biti milioni 38 kwa sekunde. Chaneli ya SD yenye picha nzuri inataka milioni 4 au 5. Gawanya mwenyewe: mahali palipokaa chaneli 1 ya analojia, sasa zinakaa 8.

Na wafanyabiashara hawakuishia 8. Walikamua zaidi, chaneli moja ikapewa milioni 2, zikaingia 15 na zaidi. Ndiyo zile picha ambazo mpira ukipigwa kwa nguvu nyasi zinageuka vibomba vya mraba. Walituambia dijitali ni ubora. Ukweli ni kwamba dijitali ya kwanza haikuongeza mstari hata mmoja, ni mistari ileile 576. Kilichoongezeka ni idadi ya chaneli za kuuza.

Afrika haikuchelewa hapo, watu husahau. DStv ilianzishwa Afrika Kusini 1995, ikiwa dijitali tangu siku ya kwanza, wakati nyumba nyingi za Ujerumani zilikuwa bado zinaangalia setilaiti ya analojia na ziliendelea hivyo mpaka 2012. Kwa hiyo ile habari kwamba sisi huwa tunapata kila kitu mwisho, sio kweli siku zote. Tulipata mapema kile kilichokuwa kinalipiwa kila mwezi.

Kwa nini HD haikuja palepale? Hesabu tena. HD kwa MPEG-2 inataka milioni 15 mpaka 20. Transponda nzima ingebeba chaneli 2. Nani atalipa? Ikabidi kungoja mkamuo mpya, na ukaja 2003: unaitwa H.264, wengine wanauita MPEG-4. Picha ileile kwa karibu nusu ya biti. Halafu 2005 ikapitishwa sheria mpya ya mawimbi, DVB-S2, ambayo kwa nafasi ileile inapitisha karibu asilimia 30 zaidi. Njia yake moja ni kwamba ishara moja sasa inaweza kubeba biti 3 badala ya 2. Chaneli ya kwanza ya HD Ulaya ilikuwa imeshaanza Januari 2004, na Kombe la Dunia la 2006 Ujerumani lilirekodiwa mechi zote kwa HD.

Hapa sasa ndipo jibu la ile dekoda ya sauti bila picha, nisomeni polepole. Mkamuo na mawimbi ni vitu viwili, na vinaweza kubadilishwa kimoja kimoja.

Mrushaji akibadilisha mkamuo tu, akaacha mawimbi ya zamani, dekoda ya zamani inashika transponda, inaikuta chaneli, inaikuta sauti kwa sababu sauti mara nyingi imebaki ya mtindo wa zamani, inatoa sauti. Picha inaikuta lakini haijui kuifungua. Hiyo ndiyo skrini nyeusi inayosoma habari.

Akibadilisha na mawimbi, akahamia DVB-S2, dekoda ya zamani haishiki chochote. Ukienda kwenye menyu utaona mistari miwili: wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu umesimama asilimia 70 au 80, maana kichwa cha dishi kinapokea kama kawaida. Wa ubora uko 0. Ni kama mtu aliyefundishwa herufi kubwa tu, umempa barua ya herufi ndogo: barua anaiona, kusoma hawezi. Kwa hiyo ukiona nguvu iko na ubora 0, na jirani mwenye dekoda mpya anapata chaneli ileile kwa dishi la upande uleule, usinunue dishi. Usinunue kichwa. Vyote viwili havijali kama ni SD au HD, vinapokea mawimbi tu. Hapa karibu na ikweta dishi linalala kama sahani inayongoja ugali, likijaa maji ya mvua unayamwaga, basi. Kuna watu kambini walinunua dishi la pili wakati lililohitajika ni kiboksi. Ile pesa ilikuwa ya mwezi mzima wa chakula.

Turudi Ulaya tuone SD ilivyozimwa, kwa sababu inafundisha. HD ilipoanza, warushaji walirusha chaneli moja mara mbili: BBC ileile kwa SD, na BBC ileile kwa HD. Transponda mbili za kukodi kwa kipindi kimoja, na kodi ya transponda kule inahesabiwa kwa mamilioni. Walivumilia kwa sababu watazamaji wao ndio waajiri wao. Uingereza ukiwa na TV unalipa leseni, pesa inaenda BBC, kwa hiyo ukikatiwa unauliza, na mbunge wako anauliza.

BBC ilianza majaribio ya HD 2006. Freesat, huduma ya setilaiti ya bure ya kule, ilianza 2008 ikiuza viboksi vya SD na vya HD. SD ya BBC kwenye setilaiti ilizimwa tarehe 8 Januari 2024. Tena kabla ya kuzima walitengeneza kwanza HD ya chaneli za mikoa, ili mtu wa mkoa fulani asikose habari za kwao. Kwa hiyo watu walipewa karibu miaka 18. Ujerumani, mtandao wa ARD ulizima SD yake tarehe 7 Januari 2025, miaka 12 baada ya kuzima analojia, na matangazo ya kuonya yalitangulia mapema. Hata hivyo kulikuwa na waliolalamika. Mtu ana kiboksi kizuri, kinafanya kazi, na asubuhi moja kimekuwa tofali.

Sio siri kwamba kwenye mnara, yaani TV ya antena ya kawaida, mambo yalikuwa na kelele zaidi, na ndiko swali la nani ananunua lilijibiwa waziwazi. Marekani ilipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, serikali ilitoa kuponi za dola 40, mpaka 2 kwa kila nyumba, ununue kiboksi cha kubadilisha. Pesa ya kuponi ilikwama, watu wakawekwa foleni, na tarehe ya kuzima ikasogezwa kutoka Februari mpaka Juni. Sikiliza hiyo: nchi nzima ilisogeza tarehe kwa sababu kuna watu hawajapata kiboksi. Uingereza iliweka mpango wa kusaidia wazee wa miaka 75 na zaidi na watu wenye ulemavu, mtu anakuja mpaka nyumbani kukufungia.

Tanzania ilizima analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mapema kuliko majirani wote. King'amuzi mtu alijinunulia. Kenya ilifika kwenye ugomvi: Februari 2015, baada ya kesi kufika Mahakama ya Juu, Citizen, NTV, KTN na QTV zikawa giza kwa karibu wiki 3, kwa sababu kampuni zao zilikuwa zinabishana na serikali kuhusu nani ana haki ya kusambaza mawimbi ya dijitali. Wakubwa walikuwa wanabishana juu ya mnara. Mwananchi alikuwa anatafuta pesa ya kiboksi, na katika kesi hiyo hakuwa na wakili.

Na sisi? Sisi hatuko kwenye hesabu ya mtu yeyote. Hili silisemi kwa kulia, ni maelezo tu ya jinsi mfumo ulivyo. Chaneli za bure tunazoshika kwa dishi hapa nyingi zinarushwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Mawimbi ya setilaiti hayajui mpaka, yanamwagika popote, na sisi tunakinga. Mrushaji wa nyumbani anapofikiria kuhama kutoka SD anahesabu nyumba za nchi yake. Mkimbizi aliyevuka ni mtazamaji wa bahati. Serikali inayotupokea nayo inahesabu raia wake kwa mipango ya TV. Mashirika yanahesabu maji, chakula, shule, na sawa, hayo ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo ile miaka 18 ya kurusha mara mbili sisi hatukupewa, na ilikuwa si jukumu la mtu kutupa.

Kinachoniuma ni jinsi onyo linavyokuja. Kampuni moja ya kulipia iliyokuwa inabadilisha dekoda za wateja wake ilipitisha maandishi chini ya skrini kwa wiki kadhaa. Kiingereza kitupu. Katika mtaa wetu wa kambi nyumba nyingi watu wazima wanasoma Kiswahili au Kifaransa, na wengine hawasomi. Waliona maandishi yanapita wakafikiri ni tangazo la mpira. Vijana ndio tulipita kusoma na kueleza, na tulikuta nyumba ambazo tayari zimelipia mwezi mzima na chaneli zimeshaondoka. Ile pesa haikurudi. Maneno 15 ya Kiswahili yangeokoa watu wengi.

Mtu atasema, TV ya nini kambini? Nani ana muda? Jamani. Kuna mama hapa, sitamtaja, ambaye tangu tufike haangalii tamthilia wala mpira, anaangalia habari za jimbo letu tu, anataka aone barabara. Anasema redio inamwambia, lakini picha inamwonyesha kama nyumba fulani bado zimesimama. Mazungumzo ya amani yanapoanza, uchaguzi unapofanyika, wazee hujikusanya penye TV moja, na kinachosemwa pale ndicho kinaamua kama mtu anaanza kufikiria kurudi au anapanda mihogo ya mwaka mwingine. Chaneli ikipotea wiki ya namna hiyo, kinachojaza nafasi ni sauti za kutumiana kwa simu, na sote tunajua zile sauti zilivyo.

Vibanda vya video havikupata shida sana, tuseme ukweli. Mpira unalipa. Mwenye kibanda alinunua dekoda ya HD na TV flati mapema, kwa sababu watu wangehamia kwa mwenzake. Vijana nao tuna simu, bando likiwepo. Aliyebaki nyuma ni mwenye TV ya chogo nyumbani, na mara nyingi huyo ni mtu mzima.

Halafu kuna umeme. TV ya chogo ya inchi 21 inakula wati 60 na zaidi, wakati flati ndogo ya kutumia betri moja kwa moja inakula 20 au 30. Kwa mtu wa sola hiyo ni tofauti ya kumaliza habari au kuzimikiwa katikati. Kwa hiyo hata mimi sisemi chogo zibaki milele. Ila flati na dekoda na betri kwa mara moja ni pesa ambayo mtu anaikusanya kwa misimu, na ile tarehe ya angani haimsubiri.

Kwa anayetaka kununua kiboksi, mambo ambayo tumeyaona yanasaidia. Geuza dekoda chini au nyuma usome. Ikiandikwa DVB-S peke yake ni ya zamani. Tafuta DVB-S2. Kuwa na tundu la HDMI ni dalili nzuri ila haitoshi. Kama nyumbani ni chogo, angalia iwe pia na tundu la AV, la rangi tatu au lile dogo kama la sikioni, maana dekoda nyingine mpya zina HDMI tu na chogo haina pa kuichomeka. Dekoda ya HD inaweza kutoa picha kwenye chogo bila shida, yenyewe inaipunguza. Hiyo wauzaji wengi hawasemi, wanataka ununue na TV.

Na kama una nafasi ya kuchagua, uliza kama inafungua HEVC, wengine wanaita H.265. Huo ni mkamuo wa 2013, ndio unaotumika kwa 4K, na kuna chaneli za kawaida ambazo zimeshaanza kuhamia huko, kwa sababu ileile ya kodi ya nafasi. Dekoda ya HD isiyo na HEVC itakapokutana nazo, itafanya kama ilivyofanya ya SD.

Jumamosi mchana tutakuwa pale kwenye ukumbi wa vijana na dekoda moja ya DVB-S2 ya kujaribia. Mwenye mashaka aje na rimoti yake na picha ya maandishi ya chini ya kiboksi, hakuna haja ya kubeba dishi. Nyumba za wazee tutazifuata wenyewe, andikeni hapa chini mtaa na muda, msiandike majina.